Mwaka Saveria Aliposifiwa

Shemeji yangu Saveria ana chupa kumi na moja kwenye kabati la jikoni, zote za kioo cheupe, na hakuna hata moja yenye karatasi ya jina. Kuna ya siki, kuna ya maji ya baraka ya kanisani, kuna ya gongo ya zabibu, na kuna moja ambayo mwenyewe hakumbuki ni ya nini ila hakubali imwagwe. Ukimuuliza kwa nini haandiki majina, anakutazama kama umemtukania mama. "Pua nimepewa ya nini?" anasema. Huzibua, hunusa, humimina. Kwa miaka hamsini hakuwahi kukosea.

Chupa mojawapo ni yangu. Ndani yake mna gongo ileile, ila imelowekwa kitunguu saumu, pilipili na majani ya rosemari, na baridi ikikaza najichua nayo magoti. Saveria hunitengenezea kila mwaka na kunikabidhi huku kageuza uso pembeni. Anasema harufu yake ikichanganyika na ya mbuzi wangu, hata shetani angeomba dirisha lifunguliwe.

Nina mbuzi kumi na wanne, na kila asubuhi natoka zizini kwao kwenda moja kwa moja kunywa kahawa kwa Saveria. Kaka yangu Matteu ndiye aliyemwoa. Alifariki miaka tisa iliyopita, akaniachia mimi kazi ya kumchokoza mkewe. Ni kazi ngumu, lakini damu nzito kuliko maji. Siku zote nilipotia mguu mlangoni, kabla hata sijaamkia, nilipokelewa kwa maneno yaleyale: "Shemeji, toka nje, unanuka beberu!" Nami natoka, navua viatu, nanawa bombani, narudi.

Jina la Saveria hapa Valdiserra limesimama juu ya fiadone. Kila nyumba kijijini inaoka fiadone, na kila nyumba inaamini nyumba nyingine zote zinaharibu jibini. Ni keki isiyo na unga wala madoido: brocciu, yaani ile jibini laini ya maji ya maziwa ya kondoo, halafu mayai, sukari, ganda la limau na tone la gongo. Basi. Kitu chepesi hivyo hakina pa kufichia makosa. Brocciu ya Saveria lazima itoke kwa Orsu mchungaji, ya asubuhi ileile, bado ina uvuguvugu ndani ya kikapu. Limau hulichuma mwenyewe uani na kulikwaruza ganda la juu tu, lile la manjano. Mkono ukizama hadi kwenye jeupe, keki ni chungu, na aliyekwaruza hasemeshwi hadi Jumapili.

Siku yenyewe ni Jumatatu ya Pasaka. Kijiji kizima hushuka chemchemini na vikapu, tunakula mwanakondoo kwenye nyasi, na zamu ya fiadone ikifika vita vinaanza. Maana sisi watu wa milimani tuna tabia yetu: sifa ni za wageni na za marehemu. Mgeni akitupikia mchuzi uliochacha tutamwambia mtamu. Mtu akifa, hata kama alituibia kuku maisha yake yote, kaburini tutamwita nguzo ya kijiji. Lakini mwenzetu aliye hai, tunayempenda, tunamsema mpaka masikio yamuwake moto. Matteu, hadi Pasaka yake ya mwisho, alikuwa anatafuna kipande cha kwanza, anakunja uso, anatangaza: "Limau limezidi! Mwanamke huyu anataka kunisafisha utumbo!" Kisha anakula vinne. Divota wa nyumba ya pili, aliyeshindana na Saveria tangu wana meno ya utoto, huuliza kama mayai yalikuwa ya kuku au ya mjusi. Na Saveria huketi katikati yao anarudisha neno kwa neno, mashavu mekundu, na hakuna siku nyingine katika mwaka anayopendeza kama hiyo.

Januari ya mwaka jana alishikwa na mafua yaliyomlaza siku kumi na nne. Alipoinuka nilimwendea asubuhi kama kawaida, kutoka zizini, na beberu alikuwa ameniegemea kwa upendo mkubwa. Nikasimama mlangoni nikisubiri matusi yangu.

"Karibu, shemeji," akasema. "Kaa. Kahawa iko tayari."

Nikakaa. Kesho yake hivyohivyo. Wiki ikapita, mwezi ukapita, sikufukuzwa hata mara moja. Sasa mimi ni mwanaume wa miaka sabini na mmoja, na kioo changu kimeanza kuingia ukungu, kwa hiyo nilijitazama humo nikaona mambo ambayo hayakuwepo. Nikajiambia, Dunatu, moyo wa mjane umelainika. Nilinyoa ndevu katikati ya wiki. Nilinunua shati. Aibu hii naieleza kwa sababu bila hiyo hutaelewa nilivyokuwa mjinga.

Ikafika Pasaka. Mwanawe Lisandru alikuja na meli kutoka Marseille, mtoto wake wa pekee, fundi wa lifti, mtu mpole anayependa mambo yawe salama. Jumatatu tukashuka chemchemini. Saveria akafunua bati lake: fiadone imeiva, juu rangi ya kahawia, katikati imebonyea kidogo kama inavyopaswa. Akatukatia. Nikaweka kipande mdomoni.

Nilikuwa natafuna goti langu.

Sina namna nyingine ya kulieleza. Kitunguu saumu, pilipili, rosemari, na nyuma yake limau limesimama peke yake kama bibi harusi aliyekosea kanisa. Nikatazama wenzangu. Divota alikuwa ameacha kutafuna. Orsu macho yalimtoka machozi, ya pilipili. Lisandru alikuwa ameshika kitambaa mdomoni. Kisha sote, kwa wakati mmoja, tukamtazama Saveria, na Saveria alikuwa anakula kipande chake kwa raha, tonge kwa tonge, huku akitusubiri tumchambue.

Hapo kila mtu akaelewa. Na hapo ndipo tulipofanya kosa, kosa ambalo watu wa kawaida wasingelifanya: tulimwonea huruma.

"Imetoka vizuri, Saveria," Divota akasema kwa sauti ya mtu aliye msibani. "Asante."

"Nzuri sana," Orsu akasema.

"Nzuri, mama," Lisandru akasema. "Asante sana, mama."

Nami, Mungu anisamehe, nikatikisa kichwa nikameza. Tuliimaliza yote. Bati likarudi jeupe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Saveria aliweka uma chini polepole. Rangi ilimtoka usoni. Njia nzima ya kupanda nyumbani hakusema neno, na Divota, ambaye hajawahi kufunga mdomo tangu abatizwe, naye hakusema. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku ile niliusikia.

Kesho yake Lisandru alipokwenda bandarini, nilimkuta Saveria amesimama katikati ya jikoni.

"Funga mlango," akasema. "Dunatu, mmeanza lini kunisifu ninyi?"

"Aa, shemeji, kitu kizuri lazima..."

"Usinivike kilemba cha ukoka! Nimewapikia miaka hamsini. Mama mkwe wangu aliitema fiadone yangu ya kwanza kwenye majani. Jana mmenisifu kama maiti. Mmenizika chemchemini, kila mtu na koleo lake, hata wewe. Sema ilikuwa na nini."

Nilijikuna. Nilitazama dari.

"Goti," nikasema.

"Goti gani?"

"Langu. Yote mawili."

Alichukua muda kuelewa. Kisha akafungua kabati, akatoa chupa mbili nyeupe, akazizibua, akaziweka puani moja baada ya nyingine. Nilimwona akivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu anayeita jina la mtu kwenye nyumba isiyo na watu. Akaziweka mezani.

"Tangu Januari," akasema. "Kahawa, moshi, sabuni, hakuna. Limau nalikwaruza nalitazama tu. Nilidhani itarudi. Wewe mwenyewe unaingia humu kila siku na sikunusi."

"Hunusi kabisa?"

"Kama ukuta."

"Kumbe ndiyo maana unanikaribisha?"

"Sasa ulidhani kwa nini?" Akanitazama kichwani hadi miguuni, akafika kwenye shati jipya, akasimama hapo. Nilimwona anang'amua. Mdomo ulianza kumtetemeka, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu Saveria alicheka hadi akashika meza. "Shemeji! Ee Mama Maria! Na amenyoa!"

Sijui kama nimewahi kupata aibu ya namna ile, na sijui kama nimewahi kufurahi kuwa na aibu namna ile.

Lakini kicheko kilikatika. Akaniapisha nisimwambie Lisandru. Tangu Matteu afariki kijana anamwandalia mama yake chumba kule Marseille, ghorofa ya nne, dirisha linatazama ukuta, lifti nzuri ameifunga yeye mwenyewe. "Akijua sinusi, atauliza habari ya gesi ikivuja," Saveria akasema. "Na akiuliza habari ya gesi, sina jibu. Nitakwenda kukaa kwenye sanduku, Dunatu. Nitakufa nikisubiri lifti."

Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akaniambia nikawatibu mbuzi wangu.

Lisandru hakuhitaji kuambiwa na mtu, kwani naye alikula goti kama sisi. Siku ya Alhamisi akapiga simu. Nilikuwepo, nilisikia upande mmoja tu, na ulitosha: "Ndiyo, mwanangu... Hapana... Ndiyo, gesi... Nimesikia." Alipokata akabaki ameishika simu. Kijana alikuwa amepanga kuja kwenye sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwezi wa Juni, na gari, kumsaidia mama kufungasha.

Siku hiyo hiyo Saveria alichukua bati la fiadone, bati la mama mkwe wake, akalipeleka kwa Divota. "Chukua," akamwambia mlangoni. "Mimi nimemaliza."

Divota akalichukua. Dakika kumi baadaye tulisikia kishindo barazani. Bati lilikuwa limerushwa kwa hasira, na mwenye hasira alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Limepinda!" Divota akapiga kelele. "Miaka hamsini unaoka kwenye takataka hii halafu unanitupia mimi? Na mimi nikioka Pasaka nishindane na nani? Na Dunatu? Mwenzangu, pua imekufa, mdomo unao. Mikono unayo. Tafuta pua nyingine, usinisumbue!"

Akaondoka zake. Saveria aliokota bati, akalitazama, akanigeukia mimi. Sikupenda alivyonitazama.

"Wewe pua unayo," akasema.

"Ninayo, lakini imezoea mbuzi."

"Itafundishwa."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Kwanza tuliondoa gesi. Mimi na Orsu tuliubeba mtungi hadi kwa Divota, tukalisafisha lile jiko la kuni la zamani ambalo Saveria alikuwa analifanya kabati la sahani, tukatoa kiota cha panya na barua tatu za Matteu za wakati wa uchumba. Barua alizichukua, panya akaniachia. Kisha kila asubuhi, kabla ya kahawa, nanusa maziwa, nanusa nyama, nanusa siagi, natoa taarifa. Chupa zake bado hataki kuziandika majina. Amekubali kitu kimoja tu: ya kwangu ameifunga uzi mwekundu wa sufu shingoni. "Yenye uzi ni goti," anasema, na hayo ndiyo maandishi pekee yatakayoingia kabatini humo akiwa hai.

Mkesha wa Mtakatifu Yohana Orsu alileta brocciu ya mwisho. Baada ya hapo kondoo hupanda milima ya juu na hatuoni brocciu hadi Novemba, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya pili. Saveria aliiponda kwa uma, akapasua mayai sita, akamimina sukari kwa jicho. Mikono yake haikusita hata kidogo. Ilipofika zamu ya limau akaanza kukwaruza na kunisogezea bakuli.

"Nusa."

"Inanuka limau."

"Najua ni limau, mpumbavu! Linanuka kama nini?"

"Kama limau."

"Linanuka kama unapolikata, au kama unapolichuma?"

Sikuwahi kuulizwa swali kama hilo maishani. Nilifumba macho. Nikamkumbuka kaka yangu uani, amepanda ngazi, anamrushia mkewe malimau chini naye anayapokea kwa aproni, mimi nikiwa nimekaa kwenye ukuta nawachekesha. "Kama unapolikata," nikasema. Akaongeza mikwaruzo mitatu. Nikanusa tena, na safari hii harufu ilikuwa ya majani, ya mti, ya uani. "Basi!" nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Saveria aliacha pale pale, akatazama pembeni, na hakuniuliza kwa nini macho yangu yamelowa. Kisha gongo: alininusisha chupa isiyo na uzi mara nne.

Lisandru aliwasili siku ya sikukuu saa sita mchana. Alishusha maboksi manane matupu kutoka kwenye gari, akayapanga ukumbini, akambusu mama yake. Alikuwa na uso wa mtu aliyejisemea maneno yake njia nzima na sasa hapati pa kuyaanzia. Aliona jiko la kuni. Aliona pale pasipokuwa na mtungi. Divota alikuwa ameingia, hakualikwa, akaketi. Saveria alileta fiadone mezani, akamkatia mwanawe kipande cha kwanza, akakaa mbele yake, mikono chini ya meza ili isionekane.

Nilijua anachosubiri. Kama kijana angesema "nzuri, mama, asante," yale maboksi yangejaa kabla ya magharibi. Nilimwomba Mungu amfunge kijana mdomo, halafu nikamwomba amfungue, halafu nikaacha maana nilikuwa namchanganya.

Lisandru alitafuna. Akameza. Akakata tena kipande, akatafuna pole pole, akamtazama mama yake. Kisha akanitazama mimi, na pua yangu, akaonekana kuelewa ni nani aliyelinusa limau.

Akakunja uso.

"Limau limezidi," akasema. "Mwanamke huyu anataka kunisafisha utumbo!"

Halikuwa limezidi. Mimi ndiye niliyekuwa pua, najua. Lakini Divota alishapokea palepale, "Na mayai haya, ni ya kuku au ya mjusi?" na Saveria aliinua mikono yake kutoka chini ya meza, akapiga kofi juu ya meza hadi sahani zikaruka.

"Hujui kula tangu uzaliwe!" akamfokea mwanawe, machozi yakimtiririka. "Baba yako hakujua, na wewe hujui! Lete sahani!"

Kijana alikula vinne.

Jioni kijana alirudisha maboksi saba garini yakiwa matupu. La nane Saveria alilijaza malimau, na juu yake akaweka nusu ya fiadone iliyofungwa kwa kitambaa, akamwambia awaonjeshe wanaopanda lifti zake wajue chakula ni nini. Habari ya ghorofa ya nne haikutajwa. Aliponiaga alinishika mkono muda mrefu, akasema, "Baba mdogo, maziwa unayanusa kila siku?" Nikamwambia kila siku. "Hata Jumapili?" Hata Jumapili.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kutoka zizini kama kawaida, na nguo za kazi, bila shati jipya. Nikatia mguu mlangoni. Saveria alikuwa amenipa mgongo, anachochea kuni.

"Shemeji," akasema bila kugeuka, "toka nje, unanuka beberu!"

Moyo ulinipasuka kwa furaha. "Umenusa? Saveria, umenusa?"

"Sinusi kitu," akasema. "Lakini nakujua."

Nikatoka, nikavua viatu, nikanawa bombani, nikarudi.